Gari la familia linachemsha kwenye foleni, giaboksi inapiga teke: nitengeneze au niuze?

Shikamoo fundi,

Nina gari la familia, minivani ya viti 8 ya mwaka 2006, injini ya petroli ya silinda 4, giaboksi otomatiki. Limeshatembea kilomita 291,000, na zaidi ya nusu ya hizo nimeziendesha mimi. Watoto wangu wawili wa mwisho waliingia nyumbani kwa mara ya kwanza wakiwa wamelala ndani yake. Nakwambia mapema ili ujue kwa nini nahangaika hivi.

Miezi 5 iliyopita lilianza kuchemsha kwenye foleni. Nikiwa barabara kuu, mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa, mshale wa joto unatulia katikati kutwa nzima. Nikikwama kwenye foleni dakika 10 au 15, kiyoyozi kimewashwa na viti vimejaa, unaanza kupanda. Nikipata nafasi nikaenda, unashuka wenyewe. Fundi wa kwanza aliweka thamostati mpya (ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto), haikusaidia. Akafunga rejeta mpya, haikusaidia pia.

Kisha giaboksi. Asubuhi iko sawa. Gari likishapata moto, kutoka gia ya 2 kwenda ya 3 inachelewa, halafu inapiga teke mpaka walio nyuma wanashtuka. Visa hivi vilianza siku kama 10 baada ya ile rejeta.

Tatu ni mlango wa umeme wa kuteleza. Mchana unafunguka vizuri. Usiku nikiwa nimewasha taa unakwenda kwa kusuasua, na mara nyingine unaishia njiani mpaka mwanangu ausukume. Na asubuhi starta inazunguka kwa uzito kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Fundi wa pili alibadilisha betri. Ilikuwa vizuri wiki 2, ikarudi palepale.

Fundi wa tatu amesema giaboksi imekwisha, tutafute nyingine. Mume wangu anasema pesa tulizokwisha kumwaga zinatosha, tuliuze jinsi lilivyo. Taa ya injini haijawahi kuwaka, kwa hiyo mafundi wanasema kompyuta ya gari haina la kusema. Tairi bado zina meno mazuri, brek nilitengeneza mwaka jana, na kutu ipo kidogo tu chini ya mlango wa nyuma.

Je, huu ni uzee tu ambao sina budi kuukubali, au kuna kitu hatujakiona?

Mama wa viti 8

JIBU

Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu katikati yake umeandika sentensi moja kama vile haina uzito, na mimi naona ndiyo nzito kuliko zote. Nitaifikia. Tuanze na joto.

Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa mbele unapita kwenye rejeta wenyewe na feni karibu haina kazi. Likisimama kwenye foleni upepo huo haupo tena, feni ndiyo upepo. Gari linalotulia barabara kuu na kuchemsha likisimama linakwambia kwamba maji yanazunguka na rejeta inapitisha, ila hewa haitoshi. Thamostati iliyoganda ikiwa imefunga ingekuchemshia gari popote, hata barabarani. Rejeta iliyoziba nayo hujitokeza zaidi kwenye mwendo na kwenye vilima, pale injini inapobeba mzigo. Kwa hiyo vitu viwili alivyobadilisha fundi wa kwanza havikuwa washukiwa wakuu, na maelezo yako peke yake yalitosha kumwonyesha hivyo kabla hajagusa spana. Naumia kulisema hili kwa sababu pesa imeshatoka, lakini ni bora ulijue.

Nachukulia kwamba feni yako ni ya umeme, kama ilivyo kwa minivani nyingi za kuvuta mbele. Ikiwa injini yako iko chini ya viti na feni inazungushwa na mkanda, mshukiwa anakuwa klachi ya feni, na hapo niandikie upya.

Sasa iweke feni pembeni ya matatizo yako mengine. Starta nzito. Mlango unaosuasua usiku, taa zikiwa zimewaka. Betri mpya iliyofanya vizuri wiki 2 kisha ikachoka. Feni isiyoleta hewa ya kutosha. Vyote hivi ni vitu vinavyokula umeme mwingi. Mlango haujui kama ni mchana au usiku. Unachojua ni kwamba usiku taa zimechukua sehemu yake. Na kwenye foleni injini iko sailensa, inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri, inazunguka polepole kuliko wakati mwingine wowote, huku kiyoyozi, feni, na labda taa vyote vikidai kwa pamoja. Ukirudi barabara kuu altaneta inazunguka kwa kasi, umeme unatosha, na kila kitu kinajifanya kizima.

Mimi nawashuku wawili: altaneta iliyochoka, au waya wa ardhi ulioliwa na kutu, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Altaneta inaweza kudhoofika nusu bila taa ya betri kuwaka kwenye dashibodi. Na waya wa ardhi ni mnafiki kuliko altaneta. Niliwahi kuletewa gari lililobadilishwa starta mara mbili. Waya wake wa ardhi kwa nje ulikuwa mweusi, mzima, hauna mkwaruzo. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba karibu na kichwa chake nilisikia kitu kinavunjika ndani kama mchanga. Nikauchana kwa kisu, ukamwagika unga wa kijani. Shaba iliyobaki ilikuwa nyuzi chache ambazo ungeweza kuzihesabu. Umeme wote wa gari lile ulikuwa unarudi kwa kupitia nyuzi hizo.

Lakini shuku zangu zisikufanye ununue altaneta kesho. Hilo ndilo kosa ambalo limekutesa kwa miezi 5: kila fundi alikuwa na dhana, na kila dhana ikageuka kuwa spea. Gari la umri huu halitengenezwi kwa dhana. Tafuta multimita, kile kifaa cha kupimia volti, hata ile ndogo ya kawaida inatosha, na chukua namba nne. Uziandike.

Ya kwanza ni asubuhi kabla hujawasha gari, likiwa limelala usiku kucha. Pima nguzo mbili za betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni betri yenye njaa, na kwa kuwa yako ni mpya, njaa hiyo inatoka kwingine.

Ya pili, washa injini, zima kila kitu, pima palepale. Kwa magari mengi ya umri huo utaona kati ya volti 13.8 na 14.6. Bila kukanyaga mafuta, washa taa kubwa, kiyoyozi, feni ya ndani mpaka mwisho na kikausha kioo cha nyuma. Namba itashuka kidogo, hiyo ni sawa. Ikishuka chini ya 13 na kuendelea kuelekea 12, chaji haitoshi. Hapo kagua kwanza mkanda wa altaneta, usiwe umelegea au kung'aa kwa kuteleza, ndipo umhukumu altaneta mwenyewe.

Ya tatu ndiyo ambayo karibu hakuna fundi wa haraka anayeipima, nami naomba usiiruke. Injini ikinguruma na vile vitu vyote vimewashwa, gusisha ncha nyeusi ya multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani risasi yenyewe, wala si kibanio kilichoishika. Ncha nyekundu iweke kwenye chuma kitupu cha injini. Kisha irudie kwenye chuma kitupu cha bodi. Waya mzima utakuonyesha karibu na sifuri, volti 0.1 hivi. Ukiona 0.5 au zaidi, waya huo unakula umeme kabla haujafika. Umempata mwizi wako, na waya mpya mnene ukifungwa kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa ni kazi ya chini ya saa moja.

Ya nne ni feni. Kwenye magari mengi ukiwasha kiyoyozi feni ya rejeta inaanza papo hapo. Isikilize, uiangalie. Feni yenye afya inavuta hewa kwa nguvu kiasi kwamba karatasi ukiiweka mbele ya rejeta inaganda palepale. Ikiwa inazunguka kwa uvivu, mwambie fundi aichomoe plagi yake na kuiunganisha moja kwa moja na betri. Ikivuma kwa nguvu, tatizo liko kwenye nyaya, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha feni) au waya wa ardhi. Ikibaki mvivu, mota yake imechoka na inastahili kubadilishwa. Na mikono iwe mbali: feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Kuhusu ile taa ya injini isiyowaka, si cheti cha afya. Taa inawaka pale kompyuta inapoona hitilafu iliyofundishwa kuitambua, na kompyuta nyingi hazijafundishwa kutambua feni inayozunguka kivivu. Lakini mashine ileile ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, ina ukurasa wa namba zinazotembea: joto la maji, volti, na kwenye magari mengine hata joto la oili ya giaboksi. Aliyekwambia kompyuta haina la kusema aliangalia kodi akafunga mashine. Muulize kama alifungua namba hizo.

Sasa ile sentensi. "Visa hivi vilianza siku kama 10 baada ya ile rejeta." Mama, kwenye magari mengi ya otomatiki oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta. Kuna bomba mbili nyembamba zinazotoka kwenye giaboksi na kuingia kwenye tangi la rejeta, oili inapita humo katikati ya maji, kisha inarudi. Fundi anapotoa rejeta lazima azifungue bomba hizo, na zinapofunguliwa oili inamwagika. Rejeta mpya nayo inakuja tupu, inahitaji kujazwa oili upande wake. Swali langu ni moja: aliongeza oili ya giaboksi alipomaliza? Na kama aliongeza, aliongeza ipi?

Giaboksi iliyopungukiwa oili, au iliyochanganyiwa oili isiyo yake, inafanya hasa unayoyaeleza. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, presha inapungua, gia inachelewa kushika, ikishika inashika kwa teke. Ongeza na kwamba maji yako yenyewe yanachemka kwenye foleni, na hayo maji ndiyo yanayotakiwa kuipooza oili hiyo. Fundi wa tatu amesikia teke akasema giaboksi imekwisha. Inawezekana amesema kweli, sijaligusa gari lako. Lakini giaboksi haihukumiwi kabla oili yake haijaangaliwa, na kwenye barua yako yote sijaona mahali ambapo mtu amechomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi.

Kichomoe wewe. Fuata kitabu cha gari, kwa sababu hapa kila mtengenezaji ana utaratibu wake: wengi wanataka kipimo injini ikiwa ya moto na inanguruma, wengine injini ikiwa imezimwa. Ikiwa halina kijiti, kipimo kinachukuliwa kwa chini, kazi ya fundi mwenye stendi. Futa oili kwenye kitambaa cheupe. Wekundu au kahawia nyepesi, inakubalika. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, au yenye chembe za chuma unazozisikia kwa vidole, hapo fundi wa tatu anaweza kuwa na haki. Na ukiona rangi ya waridi, nzito kama maziwa yaliyoganda, usiliwashe tena gari hilo hata kulisogeza: ina maana maji na oili vimekutana ndani ya rejeta, na maji yanaziharibu klachi za giaboksi haraka.

Kama ni pungufu tu, ijazwe oili iliyoandikwa kwenye kitabu, jina kwa jina. Kama imechakaa lakini haijaungua, ninapenda imwagwe iliyomo kwenye sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi, ijazwe mpya kwa kiwango kilekile, gari litembee siku chache, kisha irudiwe mara mbili tatu. Kila kumwaga kunatoa sehemu tu, nyingine inabaki ndani, ndiyo maana narudia. Mashine ya kusukuma oili kwa presha siipendi kwa giaboksi iliyotembea kilomita 291,000 bila historia inayojulikana. Ni maoni yangu, wapo mafundi wazuri wasiokubaliana nami.

Jambo jingine ambalo lazima lijulikane kabla hujatumia hata senti: kule kuchemka mara kwa mara kumeacha jeraha? Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uone kama maji yamepungua tangu wiki iliyopita. Yakipungua bila kuona tone chini, au ukiona mapovu yanapanda bila kukoma injini ikiwaka, au moshi mweupe usioisha nyuma, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, inashukiwa. Kuna kipimo chake, kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya mwako ikipenya kwenye maji kinageuka njano. Kinachukua dakika chache na kinaondoa ubishi.

Mpaka hapo, likianza kuchemsha zima kiyoyozi na ufungue hita ya ndani mpaka mwisho, moto na feni. Mtaungua ndani, lakini hita ni rejeta ndogo na inaondoa joto kwenye injini. Mshale ukiendelea kupanda, toka barabarani uzime. Usifungue kifuniko. Maji yaliyobanwa na presha yanakaa bila kuchemka hata yakipita digrii 100, ukifungua yanalipuka usoni.

Mlango sina mengi juu yake. Safisha reli ya chini, humo watoto humwaga kila kitu, upulizie silikoni badala ya grisi inayokamata vumbi. Umeme ukirudi nadhani nao utarudi.

Sasa mambo ambayo hukuniuliza, na ambayo yananitia wasiwasi kuliko mlango. Umesema tairi zina meno mazuri. Meno si umri. Angalia ubavuni mwa kila tairi, kwenye maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu 4 za mwisho: 3514 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira unakauka hata usipotembea, na minivani iliyojaa watu 8 na mizigo inazikandamiza tairi za nyuma na kuzitia joto kubwa. Zikiwa zimefika miaka 10, au zina nyufa ubavuni, zitoke, hata kama meno yake yanapendeza. Kila ninapowaza viti hivyo vya nyuma nawaza watoto wako, kwa hiyo hapa sitaki kukubembeleza.

Pia muulize fundi kama injini yako ina mnyororo wa taimingi au mkanda, ule unaofanya valvu zifunguke kwa kufuatana na pistoni. Ikiwa ni mkanda na hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Vipindi vingi vya kuubadilisha viko kati ya kilomita 90,000 na 150,000, na kwenye injini nyingi mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo gari limekwisha kweli. Mkanda huu utangulie kabla ya giaboksi, kabla ya mlango, kabla ya chochote isipokuwa tairi.

Mume wako hajakosea. Amehesabu matengenezo matatu ambayo hayakutengeneza kitu, na mtu yeyote angechoka. Mwombe wiki 2 za kupima tu, bila kununua spea. Kitakachoamua kuuza au kutouza, kwa maoni yangu, ni ile kutu "kidogo tu" uliyoitaja mwishoni. Gari likiwa juu, fundi achukue bisibisi aichokonoe: kingo za chini ya milango, pale jeki inapokaa, sehemu za kufungia suspenshani ya nyuma na mikanda ya viti. Bisibisi ikigonga chuma, una gari la kulitunza. Ikizama, waambie ukweli wote watakaolinunua, maana nao watapakia watoto humo.

Anza na ile namba ya kwanza kesho asubuhi, kabla hujawasha. Niandikie zote nne, rangi ya oili kwenye kitambaa, na umuulize fundi wa rejeta lile swali langu moja.